Muulize Shangazi wa Barabarani: Watu sita, gari-nyumba moja, na maji ya Saint-Malo

*Shangazi anaishi Rennes, mwendo wa saa moja kutoka Saint-Malo, na anaendesha gari-nyumba lake mwenyewe. Mwezi huu anajibu barua tatu.*

Shikamoo Shangazi,

Mume wangu ameshaamua. Mwezi wa nane tunakodi gari-nyumba hapa Leicester, tunavuka bahari, wiki moja Saint-Malo. Tutakuwa sita: sisi wawili, watoto wa miaka 12, 8 na 4, na mama mkwe atakayekuja kutoka Mombasa mwezi wa saba kututembelea. Mume wangu ameangalia picha na bei, basi. Mimi nataka kujua tutaegesha wapi, choo cha humo ndani kinakuwaje, watoto watashinda wakifanya nini, na mama, ambaye ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, ataketi wapi sisi tukizunguka. Halafu nimesikia watu wanazingirwa na maji huko. Ni kweli?

*Mama wa Watatu, Leicester*

Marahaba mwanangu. Naanza na jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo linaloweza kuivunja safari hata gari halijawashwa. Mama mkwe akiwa na pasipoti ya Kenya, viza ya Uingereza haimwingizi Ufaransa. Anahitaji viza ya Schengen, na kwa kawaida viza hiyo huombwa katika nchi mtu anayoishi, si ile aliyokwenda kutembea. Basi aiombe Nairobi kabla hajapanda ndege. Akishakuwa Leicester kama mgeni, fomu yake inaweza kukataliwa kabla haijasomwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Hakikisheni pia kwamba viza yake ya Uingereza inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana mkitoka mtataka kurudi naye. Na ninyi wenyewe, kama bado mnasafiria pasipoti za Kenya, kibali cha kuishi Uingereza hakiwavushi. Mtaomba pia, ila ninyi mtaomba huko huko mliko.

Sasa gari. Mume wako ameona vitanda sita akafurahi. Mwambie vitanda sita si viti sita. Sheria inahesabu mikanda. Magari mengi yenye vitanda vingi yana mikanda minne tu, na mtoto hawezi kusafiri amelala juu ya kitanda hata kama amesinzia vizuri kiasi gani. Wa miaka 8 na wa miaka 4 wakae nyuma kwenye viti vyao vya watoto. Ufaransa hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 10 kukaa mbele, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Swali la pili la kumuuliza mwenye gari ni kilo. Kama mume wako alipata leseni baada ya mwaka 1996, mwisho wake ni tani 3.5 pamoja na kila kitu kilichomo. Gari lenyewe tupu linakaribia tani 3. Zinazobaki ni kilo mia kadhaa, na ndani yake mtahesabu abiria watano, maji ya tangi (lita 100 ni kilo 100, hakuna ujanja), gesi, baiskeli, sufuria, na lile begi la mama mkwe ambalo sote tunalijua. Polisi wa huku wana mizani. Ukizidisha uzito ni faini, na ukipita asilimia 5 wanaweza kulizuia gari hapo hapo mpaka mshushe mizigo. Tembeeni na maji kidogo, mjaze mkifika.

Kuvuka: chukueni feri ya usiku kutoka Portsmouth. Bei itamtoa mume wako jasho, lakini njia nyingine ni kupitia Calais, halafu kilomita zaidi ya 500 za barabara na watoto watatu wanaouliza kama tumefika. Feri inawashusha asubuhi chini ya kuta za mji wenyewe. Mnapokata tiketi tajeni urefu na kimo halisi cha gari, pamoja na baiskeli zilizofungwa nyuma, na kabla ya kupanda fungeni gesi kwenye mtungi. Muwe na pembetatu ya tahadhari na fulana ya kung'aa. Fulana iwe mahali mnapoifikia kutoka kitini, si chini ya kitanda. Bretagne, mkoa ulimo Saint-Malo, haina ushuru wa barabara hata mmoja, kwa hiyo mkishafika huku mnalipia dizeli tu.

Nimefika kwenye maji, na hapa nitakaa. Saint-Malo haiendi kwa saa ya mkononi. Siku za bamvua kubwa, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 12, kati ya tofauti kubwa kabisa barani Ulaya. Mama mkwe wako anajua bamvua la Mombasa, mita nne hivi. Mwambie azidishe mara tatu aone sura itakayomtoka. Mahali pale pale ulipoona mashua zinaelea asubuhi, alasiri unakuta mchanga, mawe na watoto wenye ndoo.

Wanaozingirwa wapo, ndiyo. Lakini si kwa sababu maji huja ghafla. Huja kwa saa tano na nusu hivi, ila mwendo wake si mmoja. Saa ya kwanza yanatambaa, unajiona una siku nzima. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, na siku ya bamvua saa moja hapo katikati inaweza kupandisha mita 3. Mtu aliyekuwa anapiga picha anageuka, anakuta njia aliyojia haipo.

Njia inayowanasa wengi ni ile ya kisiwa cha Grand Bé, mbele ya ufuo wa Bon-Secours. Maji yakipwa unavuka kwa miguu juu ya njia ya mawe mpaka kwenye kaburi la mwandishi Chateaubriand, aliyezikwa huko mwaka 1848 akiwa ameelekezwa baharini, chini ya msalaba usio na jina. Mbele kidogo kuna Petit Bé na ngome yake, na upande wa ufuo wa Éventail kuna Fort National, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1689. Wapelekeni watoto, ni matembezi mazuri kuliko yote mjini. Vukeni maji yakiwa bado yanapwa, si yakiwa yameshaanza kurudi. Na mkichelewa mkakuta maji yameifunika njia, msithubutu kuivuka hata kama yanaonekana ya kifundo. Mkondo pale unamwangusha mtu mzima. Kaeni kisiwani mngoje yapwe tena. Mtashinda na njaa saa kadhaa, basi. Kwa hiyo nendeni na maji ya kunywa, biskuti na sweta, hata jua likiwaka.

Siku mnayofika, piteni ofisi ya watalii nje ya lango la Saint-Vincent, mchukue jedwali la maji. Wafaransa hupima ukubwa wa bamvua kwa namba, kuanzia 20 hadi 120, na wanaiita *coefficient*. Karibu na 45 ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Kuanzia 95 ni bamvua la haja. Angalieni kama saa zilizoandikwa zimeshaongezwa saa moja ya majira ya kiangazi, kwa sababu majedwali mengine hayajaongezwa, na saa moja hapa ndiyo tofauti ya mguu mkavu na mguu usiogusa chini. Kazi ya kusoma jedwali mpe mama mkwe. Ataongoza kuliko ninyi wote: akijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anajua na maji, kwamba bamvua litakuwa tarehe 2 au 3, na tena 16 au 17, na katikati yake maji mafu. Huku siku za bamvua maji hujaa asubuhi na jioni, na hupwa mchana hadi alasiri. Ratiba ya familia ijipange hapo: mchana visiwani na kwenye mchanga, jioni juu ya ukuta kutazama bahari ikirudi.

Jioni hizo za maji makubwa, upepo ukivuma, mawimbi hupiga ukuta wa barabara ya Sillon yakaruka mpaka upande wa pili. Yale magogo ya mwaloni yaliyosimikwa mchangani yapo kwa kazi hiyo, kuyavunja nguvu. Watazameni kwa mbali kina baba wanaotaka picha. Gari msiliache hapo.

Watoto wakitaka kuogelea maji yakiwa yamekwenda mbali, Bon-Secours kuna bwawa lililozungushiwa ukuta pale pale ufuoni tangu miaka ya 1930. Bahari ikijaa inalijaza, ikiondoka inaliachia maji. Wa miaka 12 atataka kuruka kutoka ule mnara wa kurukia. Akiangalie kina kwanza, na wewe usitazame. Maji ya Agosti ni nyuzi 17 au 18. Wataingia wakipiga kelele, watazoea. Ufuoni, ogeleeni kati ya bendera nyekundu-na-njano, ndipo waokoaji wanapoangalia, na bendera nyekundu tupu ni marufuku kuingia.

Kuegesha: ndani ya kuta sahau. Vichochoro ni vyembamba, na maegesho ya karibu mengi yana chuma juu kinachozuia gari refu. Chuma hicho hakisamehi paa. Kuna eneo la magari-nyumba la Paul Féval, nje ya katikati ya mji, ambako mnaacha gari na msimu wa kiangazi mnapanda basi. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 4 na bibi mwenye magoti, mimi ningelipa kambi. Ile ya manispaa iliyo juu ya rasi ya Alet, upande wa Saint-Servan, imekaa ndani ya ngome ya zamani, na kutoka hapo mnaona kuta za mji ng'ambo ya maji. Agosti hujaa. Wekeni nafasi mapema, na mtaje kwamba mna gari refu.

Choo, mwanangu. Hukuuliza kwa urefu, lakini najua ndilo linalokukosesha usingizi. Chini ya kiti kuna tangi dogo la kuvutwa kwa nje, linachukua lita 17 hadi 20. Vitabu vya magari vinasema siku mbili au tatu. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wanaotumia karatasi. Sisi tunaotawadha na kopo letu, sita tukiwa humo, tangi linajaa siku hiyo hiyo. Basi wekeni sheria ya nyumba: mchana kila mtu anatumia choo cha kambi au cha mjini, kile cha ndani ni cha usiku na cha bibi. Kumwaga ni kazi ya mume wako, kila asubuhi, mahali palipoandikwa hivyo tu. Kamwe si kwenye mfereji wa barabarani, kwa sababu mifereji ya mvua huishia baharini, hapo hapo watoto wanapooga. Maji ya sinki na bafu yana tangi lake na shimo lake. Na bomba la kuoshea choo si bomba la kujazia maji ya kunywa, hata kama yamesimama bega kwa bega. Ukilikuta mtu kaliunganisha na mpira wake, usiulize, tafuta jingine.

Mama mkwe ataketi wapi? Kuuzunguka mji juu ya ukuta ni karibu kilomita 2, bure, lakini kupanda ni ngazi. Apande mara moja taratibu, akae kwenye benchi upande wa Bon-Secours, na ninyi mumzunguke mumkute. Kama ngazi zinamshinda, barabara ya miguu ya Sillon ni tambarare kilomita nzima na zaidi, ina mabenchi, na bahari iko mbele ya uso wake.

Akiwa juu ya ukuta huo ataona sanamu ya mtu ananyoosha kidole kuelekea baharini. Ni Robert Surcouf, nahodha aliyeteka meli za Waingereza kwa kibali cha serikali yake. Mwaka 1800 aliikamata meli kubwa iitwayo Kent. Vibao vitawaambia watoto kwamba ni shujaa. Waambieni na lililobaki: kabla ya hapo alikuwa kwenye meli za watumwa katika Bahari ya Hindi, na ngome yake ya kazi ilikuwa Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Kisiwa hicho kilitawaliwa kuanzia mwaka 1735 na mzaliwa mwingine wa Saint-Malo, La Bourdonnais. Yale majumba marefu ya matajiri wa meli yana sehemu ya historia yetu ndani ya mawe yake. Ingawa mawe mengi, kusema kweli, yamepangwa upya: Agosti 1944 mji ndani ya kuta uliteketea karibu wote kwa mabomu na moto, ukajengwa tena kwa sura ile ile ya zamani. Wageni wengi hawajui kwamba wanatembea katika mji mpya kuliko bibi zao. Mama mkwe na miaka yake 71, kuna nyumba humo anazozizidi umri.

Shangazi,

Mimi na mchumba wangu tuko Nantes, tumenunua gari dogo la kulala. Rafiki zetu wanasema Ufaransa unalala popote bure, hata ufukweni. Wengine wanasema polisi watatugongea. Nani mkweli?

*Kijana wa Nantes*

Wote wawili, kijana. Mbele ya sheria ya barabarani gari lenu likiwa limeegeshwa ni gari kama mengine. Palipo halali kuegesha, ni halali kuwa ndani, na kulala ni kuwa ndani. Ila mkitoa kiti nje, mkifungua kivuli cha turubai au mkipandisha gari juu ya kabari ili lilale sawa, mmehama kutoka kuegesha kwenda kupiga kambi, na kambi kando ya bahari hairuhusiwi mpaka mwenye mamlaka aseme ndiyo. Miji ya pwani pia ina amri zake zinazofunga mitaa fulani kwa magari-nyumba, mara nyingi usiku. Soma kibao chote, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Ufukweni kwenyewe usishushe gari. Ule mteremko wa saruji unaoingia mchangani ni wa kushushia mashua, na mambo ya maji nimeshayamaliza hapo juu. Mimi nikitaka kulala bila kulipa huingia vijijini, kilomita 10 au 15 kutoka pwani. Vijiji vingi vya Bretagne vina uwanja wa magari-nyumba karibu na kanisa au uwanja wa mpira, na asubuhi duka la mikate liko hatua chache. Nunua mkate hapo. Wanaona nani ananunua na nani anaacha takataka tu.

Na hongereni kwa uchumba.

Shikamoo Shangazi,

Mke wangu hali nguruwe na hagusi pombe. Mimi nimesikia habari za chaza wa Cancale na sitarudi bila kuwala. Tutakula wapi sote wawili kwa amani?

*Mpenda Chaza, Reading*

Marahaba. Mke wako aende kwenye duka la galette, chapati nyembamba ya unga mweusi wa sarrasin. Inayoitwa *complète* ina yai, jibini na nyama ya nguruwe. Aseme *sans jambon* na ataletewa bila. Ziko za samaki, za uyoga, za jibini ya mbuzi. *Cidre* ya Bretagne, ile ya tufaha inayomiminwa kwenye vikombe vya udongo kama chai, ina pombe hata kama ni tamu, amwambie mhudumu anataka juisi ya tufaha. Baadaye ale kouign-amann, keki ya siagi na sukari, ikiwa ya moto. Kipande kimoja kinatosha watu wawili, ingawa sijawahi kuona wawili wakikubaliana juu ya hilo. Na wahini kula: jikoni nyingi hupika mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, ukija saa tisa utapewa kahawa.

Wewe nenda Cancale, kilomita 15 hivi kutoka Saint-Malo. Gari-nyumba liache mjini juu, uteremke kwa miguu mpaka bandari ya La Houle, maana kule chini hakuna pa kugeuzia gari refu. Mwisho wa bandari, karibu na mnara wa taa, kuna vibanda vya wakulima wa chaza wenyewe. Unachagua ukubwa: namba kubwa ni chaza mdogo, namba 5 ni wa kuanzia kwa mtu anayeogopa, namba 1 ni mlo. Watakufungulia, watakupa sahani na limau, unakaa kwenye ngazi za ukuta ukila, na magamba unayatupa chini ufuoni kama wanavyofanya wote; hapo ndipo mahali pekee Ufaransa nilipoona kutupa kitu chini ni adabu. Ukifika maji yamepwa, mbele yako utaona mashamba yenyewe, safu za meza za chuma zenye mifuko, na matrekta yakipita katikati.

Ukitaka kununua wa kwenda kula garini, waambie wakufungulie hapo hapo, au nunua kisu chao kifupi. Kisu cha jikoni kitateleza, na dharura ya hospitali mwezi wa Agosti ina foleni ndefu kuliko ya galette.